Mfupa wa jitu uko wapi, na nani ameugusa?

Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji aliyedai kwamba habari zote za binadamu wa kale ni uongo wa kutungwa. Alitoa sababu mbili. Kwanza, wanasayansi wa Uingereza waliwahi kutangaza fuvu la kughushi, kwa hiyo hata mafuvu ya Olduvai na Turkana tusiyaamini. Pili, mifupa ya kweli ni ya majitu yaliyokuwa marefu kama minazi, nayo imefichwa. Picha yake, alisema, anayo kwenye simu.

Picha hiyo ninayo pia. Mjukuu wangu aliyeko kidato cha tatu alinionyesha Jumapili moja tukitoka kanisani. "Nyanya, tazama, wamepata jitu!" Fuvu kubwa kuliko trekta, na mtu mdogo kama mchwa kando yake, ameshika sepetu. Chini yake pameandikwa kwamba serikali fulani imekataza watu kufika mahali hapo. Nilifundisha Biolojia kwa miaka 31, na kabla ya hapo nililelewa na mtu aliyekula jasho la kuchimba mifupa. Siwezi kunyamaza.

Marehemu baba alikuwa mmoja wa Wakamba waliotoka huku kwetu, wakati huo ikiitwa wilaya ya Machakos, wakaenda kumchimbia Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, kule Olduvai, Tanganyika, miaka ya 1960. Alirudi nyumbani mara chache kwa mwaka, na mama alikuwa akisema vumbi la huko halitoki kwenye nguo hata ukiziloweka siku mbili. Nikiwa mtoto nilidhani kazi yake ni ya jembe na sururu. Siku moja akanionyesha vifaa vyake: brashi, chuma chembamba cha daktari wa meno, na kipande cha waya wa chekecheke. Udongo wote uliotoka shimoni ulichekechwa, akaniambia, kwa sababu jino la mtu wa kale laweza kuwa dogo kama punje ya mahindi.

Nao walikuwa na sheria moja ambayo aliirudia mpaka tukaichoka. Anayeona mfupa haung'oi. Anaondoa mkono, anaita. Unapigwa picha ukiwa palepale, unapimwa umbali na kina, mahali pake panachorwa kwenye karatasi, ndipo unatolewa. "Mfupa ukishang'olewa ovyo," alikuwa akisema, "umekuwa bubu." Niliokota taya la mbuzi mtoni Kaiti nikiwa na miaka tisa, nikamkimbilia nikidhani atafurahi. Akaniuliza umelitoa wapi hasa, udongo wa juu au wa chini, na nani alikuwa nawe akaona. Sikuwa na jibu hata moja. Akalirudisha mkononi mwangu bila neno, nami nikalia.

Sasa nimjibu ndugu yangu mwandishi wa barua. Hilo la Uingereza ni kweli, wala silifichi. Mnamo Desemba 18, 1912, wakili mmoja aliyependa kukusanya vitu vya kale, Charles Dawson, alisimama mbele ya chama cha wanajiolojia jijini London pamoja na Arthur Smith Woodward, mkuu wa idara ya jiolojia katika makumbusho makubwa ya huko. Walitangaza kwamba katika kokoto za Piltdown, kusini mwa Uingereza, wamepata mabaki ya mtu wa kwanza. Alikuwa na bongo kubwa kama letu na taya kama la sokwe. Wakampa jina la kisayansi lililobeba jina la Dawson mwenyewe.

Kumbe fuvu lilikuwa la binadamu wa kawaida. Taya lilikuwa la orangutangu, yule sokwe mwekundu wa Asia. Meno yalikuwa yamesuguliwa kwa tupa yaonekane yamelika kama ya mtu, na mifupa ikapakwa rangi iwe ya kahawia kama kokoto za pale. Mahali ambapo taya linaungana na fuvu palikuwa pamevunjika, na hapo ndipo mtu yeyote angeona mara moja kwamba viwili hivyo havikukaa pamoja. Mwaka 1915 Dawson akasema amepata mabaki mengine mahali pengine. Mwaka uliofuata akafa, na hakuna aliyepajua mahali penyewe.

Fikiria baba yangu angemwuliza nini.

Kwa nini watu wenye elimu kubwa walikubali? Kwa sababu walipenda kilichosemwa. Walitaka mtu wa kwanza awe wa kwao, tena mwenye akili nyingi tangu mwanzo. Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1871 kwamba huenda asili ya binadamu ni Afrika, lakini hilo halikuwafurahisha. Raymond Dart alipotangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto kutoka Taung, Afrika Kusini, lenye bongo dogo lakini meno yanayofanana na ya mtu, na tundu la kupitishia uti wa mgongo lililokaa chini kama la anayetembea wima, wakubwa wa London walimwambia ni sokwe tu. Mmoja wao, Arthur Keith, ndiye aliyezindua mnara wa kumbukumbu pale Piltdown mwaka 1938. Nikifundisha somo hili nilikuwa nashikwa na hasira mbele ya wanafunzi, na sikuona haya. Mtoto wa Taung aliwekwa kando miaka mingi, na taya lililopakwa rangi likakaa kwenye kiti cha heshima.

Lakini ndugu mwandishi ameishia nusu ya hadithi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomjibu. Nani alifichua? Hakuwa mhubiri, wala mwandishi wa habari, wala mtu wa siasa. Walikuwa wanasayansi. Mwaka 1913 David Waterston, hapohapo London, alisema taya ni la sokwe na fuvu ni la mtu. Mwaka 1915 Gerrit Miller wa Marekani akasema vivyo hivyo. Walipuuzwa, na sababu moja ni kwamba wengi waliotaka kuchunguza walipewa nakala za plasta, na mifupa yenyewe ikabaki kabatini. Plasta haina rangi ya kukwaruzwa. Plasta huwezi kuitoboa ukajua ndani yake kuna nini.

Kabati lilipofunguliwa, uongo haukudumu. Kenneth Oakley, mfanyakazi wa makumbusho yaleyale, alipima floraidi. Watu wa Nakuru na Naivasha hawahitaji kufafanuliwa floraidi ni nini. Ndiyo iliyomo katika maji ya visima vyao na kuwaachia watoto meno ya kahawia. Mfupa uliozikwa nao hunywa floraidi kutoka maji ya ardhini, polepole, karne baada ya karne. Mwaka 1949 Oakley alikuta ya Piltdown ni kidogo mno kwa mfupa uliodaiwa kuwa wa kale kiasi kile. Mwaka 1953 yeye, Joseph Weiner na Wilfrid Le Gros Clark wakatangaza wazi: mifupa imeghushiwa. Wakaonyesha mikwaruzo ya tupa kwenye meno. Ilikuwa imepita karibu miaka 41. Na mwaka 2016 wachunguzi wengine walipima vinasaba, wakakuta kwamba taya la kwanza na jino la kutoka "mahali pengine" pa Dawson yaelekea ni vya orangutangu mmoja.

Yule Keith, mzee sana, alikuwa ameandika mwaka 1947 kwamba Dart alikuwa sahihi na yeye alikosea. Najiuliza ni wangapi kati ya wanaotutumia picha za majitu wamewahi kuandika maneno hayo.

Kuna kisa kingine cha karibu zaidi, cha hapa kwetu Kenya, kule Nyanza. Mwaka 1932 Louis Leakey, ambaye baadaye alikuwa mume wa Mary, alitangaza taya kutoka Kanam, kando ya Ziwa Viktoria, akidai ni la kale kupita kiasi. Mwaka 1935 akaja Percy Boswell, mwanajiolojia kutoka Uingereza, kuangalia mahali palipotoka. Leakey alikuwa ameweka alama za vyuma. Akavitafuta, havipo. Inasimuliwa kwamba wenyeji waliving'oa wakatengenezea vyuma vya kuvulia samaki. Picha aliyokuwa ameionyesha Uingereza nayo ikaonekana ni ya mahali pengine. Boswell akarudi akaandika kwamba dai hilo halina msingi, na jina la Leakey likaharibika kwa miaka mingi. Leakey hakuwa mwongo. Alikuwa kijana mwenye haraka, na uangalizi wake ulikuwa mbovu. Sayansi haikumhurumia kwa kuwa alikuwa mkweli. Ilimwuliza mahali ni wapi, akashindwa kuonyesha, yakaisha. Wazee waliomtangulia baba kazini walikuwa wakikisimulia kisa hicho, na nadhani ndicho kilichozaa ile sheria ya kuondoa mkono na kuita.

Ndiyo maana fuvu la Olduvai lililopewa jina la Zinj ni kitu kingine. Mary Leakey aliliona Julai 17, 1959, siku ambayo mumewe alikuwa kambini anaumwa homa. Halikung'olewa hovyo, walisubiri lipigwe picha likiwa bado ardhini. Louis alikisia umri wa miaka zaidi ya 600,000. Majivu ya volkano ya pale yalipopimwa, kwa kuangalia ni kiasi gani cha potasiamu kimegeuka kuwa gesi ya agoni, jibu lililotangazwa mwaka 1961 lilikuwa miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya alichokisia. Halafu Louis alikuwa amesema Zinj ndiye aliyetengeneza zile zana za mawe. Mifupa mingine ilipopatikana palepale, akabadilisha kauli, na mwaka 1964 yeye na wenzake wakasema mtengenezaji ni mwingine, wakampa jina la mtu hodari wa mikono. Baba alikuwapo wakati huo. Alisema kambini watu walibishana mpaka usiku, na hakuna aliyeficha mfupa ili ashinde ubishi.

Nije kwa jitu. Picha inayozunguka ilianza kama picha halisi ya uchimbaji wa mwaka 2000 huko Hyde Park, jimbo la New York, ambako watu wa Chuo Kikuu cha Cornell walikuwa wakifukua mastodoni, mnyama wa jamii inayofanana na tembo aliyekwisha kutoweka duniani. Mwaka 2002 msanii mmoja akabandika mifupa ya mtu juu yake kwa kompyuta, kwa ajili ya mashindano ya picha za kubuni kwenye intaneti. Hakukusudia kumdanganya mtu, na baadaye alieleza mwenyewe alivyoitengeneza. Jarida la National Geographic lilieleza yote hayo mwaka 2007. Mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa.

Nikamfanyia na hesabu, penseli mkononi. Mtu akirefuka mara 10 huku umbo likibaki lilelile, uzito wake unapanda mara 1,000, maana anapanuka pia ubavuni na kifuani. Lakini unene wa mfupa wa paja, ukiukata kama gogo na kuangalia uso wake, unapanda mara 100 tu. Kila kipande cha mfupa kinabeba mara 10 ya kilichozoea. Mwambie mpakiaji wa sokoni abebe magunia 10 ya mahindi kwa mpigo. Ndiyo maana miguu ya tembo ni minene kama nguzo wala haikuchongoka kama ya swala. Lile la kwenye picha lina miguu ya mtu mwembamba. Lisingesimama hata kidogo.

Wapo watakaosema vitabu vyetu vitakatifu vinataja majitu. Mimi ni Mkristo na ninasali. Imani yangu haihitaji picha iliyobandikwa na msanii, na nadhani anayeisambaza kama ushahidi wa Mungu anamkosea Mungu heshima.

Mhariri, nina ombi. Barua kama ile ikija mezani kwako, mwulize aliyeileta mfupa umehifadhiwa wapi, ulitolewa udongo gani, na nani mwingine, asiye rafiki yake, ameugusa na kuupima. Akikosa jibu, chapisha barua yake ukitaka, lakini andika chini yake kwamba ameulizwa na hakujibu. Mlichapisha dai kwa herufi nzito na picha ya jitu ikachukua nusu ukurasa. Mtoto wa sekondari anaamini kilichopo gazetini kwa sababu kiko gazetini.

Na kwa ndugu mwandishi, sina ugomvi nawe. Pale Makumbusho ya Nairobi yupo mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, Mkamba kama baba. Ameishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita, na urefu wake ni kama wa mwanafunzi wangu yeyote wa kidato cha pili. Jumamosi yoyote ya mwezi ujao nitakuwa natoka Wote kwa matatu ya saa kumi na mbili asubuhi pamoja na mjukuu wangu. Mwombe mhariri namba yangu. Nauli yako nitalipa mimi, na ile picha yako uje nayo.

Mwalimu mstaafu wa Biolojia,
Wote, Makueni