Tunadaiwa leseni kwa kazi aliyoifanya mama kwa daftari: tujibu nini?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mtengenezaji wa programu za simu, mkazi wa Sinza, Dar es Salaam. Kwa miaka minne sasa mimi na mwenzangu tumekuwa tukiendesha programu ya kutunza hesabu za vikundi vya upatu na VICOBA. Siku moja kabla ya kikao programu humkumbusha kila mwanachama kwa ujumbe mfupi, kisha huandika nani ameleta hisa na nani amekosa, na huonyesha zamu ya kupokea imemfikia nani. Inafanya kazi hata kwenye simu ya kitochi, kwa kuwa akina mama wengi tunaowahudumia Mbagala na Gongo la Mboto hawana simu janja, na walio nazo hawako tayari kumaliza bando kwa ajili ya hesabu. Haijatutajirisha, ila inalipa pango la ofisi na mishahara ya vijana wawili.

Wiki mbili zilizopita tulipokea barua pepe kutoka kampuni moja ya nje ambayo, kwa kadiri tulivyoweza kuchunguza, haina programu yoyote inayouza. Inadai kwamba inamiliki hataza (patent, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) iliyosajiliwa Marekani, ambayo ombi lake liliwasilishwa mwaka 2014, na kwamba kazi yetu inaiingilia. Inatutaka tulipe dola 4,000 kila mwaka kama ada ya leseni, na imetupa siku 21 za kujibu. Nakala ya barua hiyo wamempelekea mwenyekiti wa SACCOS moja ambayo ilikuwa karibu kusaini mkataba nasi. Mzee huyo hakutufokea. Alinipigia simu akasema, "Kijana wangu, malizaneni kwanza na hao wenzenu, halafu njooni tuendelee." Hapo ndipo kitumbua chetu kilipoingia mchanga.

Niliisoma hataza yenyewe usiku mzima. Ukiondoa lugha ya kisheria, dai lao la kwanza linahusu mfumo unaomtambua mwanachama wa kundi la akiba, unaomtumia kumbusho kabla ya siku ya mchango, unaopokea uthibitisho kwamba ametoa, na unaotunza kumbukumbu ya zamu, vyote hivyo "kwa kutumia kifaa cha mawasiliano". Nilitafuta ni kwa namna gani, kwa hesabu ipi, kwa mpangilio gani wa data, sikuona. Nilivyoelewa mimi, hataza ni mapatano: mvumbuzi anauweka uvumbuzi wake wazi ili wengine wajifunze, naye anapewa miaka 20 tangu siku ya ombi ya kuwazuia wengine wasiutumie. Hawa hawakufundisha kitu. Wameizungushia ukuta shughuli nzima, na atakayeifikia kwa njia yake mwenyewe anakuta amekwisha kuwa mdaiwa.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili linanichoma kuliko hasara yenyewe. Mama yangu alikuwa kijumbe wa upatu Magomeni nilipokuwa shule ya msingi. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, lililochorwa mistari kwa rula, majina upande wa kushoto na tarehe juu. Aliyetoa aliwekewa alama ya vema kwa wino wa bluu, aliyekosa duara jekundu, na aliyepokea jina lake lilipigiwa mstari mara mbili. Jioni ya kuamkia siku ya mchango nilitumwa mimi nyumba hadi nyumba: "Mama anasema kesho msisahau, na zamu ni ya mama Zuhura." Kumbusho, uthibitisho, kumbukumbu ya zamu. Kifaa cha mawasiliano nilikuwa mimi, tena miguu mitupu.

Mwenzangu anataka tulipe. Hoja yake si ya kipuuzi. Anakumbusha kwamba Amazon ilipewa hataza ya kununua kwa mbofyo mmoja mwaka 1999, ikaishtaki kampuni ya vitabu ya Barnes & Noble mwaka huohuo, na mwaka uliofuata Apple ikaamua kuchukua leseni; sasa kama Apple ililipa, anauliza, sisi wa Sinza ni nani? Mimi namjibu kwamba mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Alice dhidi ya CLS Bank, iliamua kwamba wazo la siku zote haligeuki kuwa uvumbuzi kwa kulitia tu ndani ya kompyuta. Yeye anasema ni kweli, lakini hukumu hiyo inamfaa mwenye fedha za kufika mahakamani, na wakili wa huko atatugharimu kuliko leseni ya miaka kadhaa. Sijapata jibu la hilo. Nadhani hata walioandika barua wanajua kwamba hatuna.

Najua pia kwamba hataza ina mipaka ya nchi. Ya Marekani haina nguvu hapa isipokuwa mwenyewe ameisajili BRELA, wakala wetu wa usajili, au amepitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika kule Harare, akaitaja Tanzania. Sheria yetu ya hataza haihesabu mipango na njia za kufanya biashara kuwa uvumbuzi, na programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, ambayo hulinda msimbo ulioandikwa bila kumfungia mtu wazo. Ningetulia hapo, isipokuwa kwamba seva tunayokodi iko Marekani, na programu yetu wateja wenye simu janja huipakua kutoka duka la Google, ambako malalamiko ya kampuni hii yanaweza kutuondoa kabla hatujasikilizwa.

Naomba ushauri wako, na wa wasomaji wanaoifahamu sheria hii. Je, tukijibu kwa maandishi tutakuwa tumekubali kwamba wana madai juu yetu, au kukaa kimya ndiko kutakakotuumiza? Je, kuihamishia seva hapa nyumbani kunapunguza hatari, au kutaonekana kama kukimbia? Mwenzangu ana pendekezo jingine ambalo silipendi, kwamba nasi tuombe hataza yetu, tuiandike kwa upana uleule, ili atakayetujia tena tuwe na cha kumwonyesha. Lakini hataza hiyo itawafunga vijana wenzetu watengenezaji programu wa Kijitonyama kabla ya kumgusa tajiri yeyote.

Mwisho, madaftari ya mama bado yapo, manne, ndani ya sanduku la bati, ya zamani kabisa ni ya mwaka 1998. Je, daftari la upatu linaweza kupokelewa kama ushahidi kwamba jambo hili lilikuwapo kabla ya ombi lao, au lazima kiwe kitu kilichochapishwa? Zimebaki siku saba.

Wako,
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam