Noti ya Sita

Uyole, Mbeya
14 Julai

Baba Neema, ndugu yangu,

Kamwene! Habari za Kihesa, na shemeji hajambo? Sisi tupo, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Nakuandikia nimejifunika blanketi mabegani, na Mama Atu kaniwekea chai pembeni ambayo imeshapoa kabla sijaigusa. Ningeweza kukurekodia sauti kwenye WhatsApp kama kawaida yetu, lakini jambo lenyewe lina deni ndani yake, na deni halilipwi kwa sauti ya dakika mbili ukiwa kwenye bajaji. Nitalifikia, vumilia kidogo.

Unakumbuka pale msibani Makambako nilikuambia natengeneza kinanda ndani ya kompyuta? Ukacheka, ukasema vinanda vya bure vimejaa kwenye simu. Kweli vimejaa. Vingi ni sauti zilizorekodiwa tu: unabonyeza, rekodi inalia. Mimi nilitaka kitu kinachozaa sauti chenyewe palepale, kama lile lidude la kanisani alilotuachia mmishonari, lile la vitelezi vingi ambalo jina lake lilikuwa limefutika tangu hatujalijua. Sinthesaiza ya analogia, yaani kinanda kinachozaa sauti kwa umeme wake chenyewe, ya sauti sita: noti sita kwa pamoja. Nilikuwa nalitafuta masikioni miaka yote hii.

Nikaanza kusoma. Baba wa mambo haya, kwa kiasi kikubwa, ni Robert Moog wa Marekani. Minimoog yake ya 1970 ilikuwa na osileta tatu (sehemu zinazozaa wimbi la sauti), lakini ilitoa noti moja tu kwa wakati. Ukibonyeza funguo mbili, moja inanyamaza. Wajapani wakaja kushusha bei: Roland walitoa Juno-60 mwaka 1982, ya noti sita kwa pamoja, na Juno-106 mwaka 1984. Lidude letu ni la kizazi hicho, sina shaka.

Sasa, kompyuta haina sauti, ina namba. Kila sekunde lazima niipe spika namba 44,100, zikichelewa kidogo unasikia mikwaruzo. Wimbi la kwanza nililotengeneza ni la msumeno: namba inapanda polepole kutoka -1 hadi 1, halafu inaporomoka ghafla, inaanza tena. Mistari mitatu ya programu. Noti za chini zikanguruma vizuri, nikamwita mama watoto aje asikie. Nikapanda juu, ukaanza mluzi wa ajabu ndani ya noti, tena noti ikipanda wenyewe unashuka. Mama Atu akasema kuna panya kabanwa.

Panya yule alinila wiki mbili. Kumbe msumeno umebeba mitetemo yote ya juu yake: noti ya mitetemo 440 kwa sekunde inabeba 880, 1,320, 1,760, na kuendelea. Ukiwa na namba 44,100 kwa sekunde, mtetemo wa juu kabisa unaoweza kuubeba ni nusu yake, yaani 22,050. Unaozidi hapo haupotei, unazungukia mlango wa uani: wa 24,000 unarudi kama 20,100, wa 30,000 unarudi kama 14,100. Hao ndio waliokuwa wanapiga mluzi, wageni wasiohusiana na noti. Dawa ni kuilainisha ile kona ya mporomoko, namba mbili tatu tu kabla na baada. Mashine ya zamani haina shida hiyo kwa sababu umeme wake hauhesabu, unatiririka tu.

Filta, yaani chujio la sauti, nitakupitisha haraka maana najua utasinzia. Ile ya Moog, aliyoipatia hataza mwaka 1969, ni ngazi ya transista, vile vijidude vinavyodhibiti umeme, yenye hatua nne, kila hatua inapunguza mitetemo ya juu kidogo zaidi. Kinachotoka chini kinarudishwa juu kwa kugeuzwa, na marudio yakifika mara nne filta inaanza kupiga mbinja yenyewe bila kuguswa. Ile “wuauu” unayoipenda inatoka hapo. Shida ya kompyuta ni kwamba marudio yanachelewa namba moja, na ucheleweshaji huo mdogo hivyo unatosha kuiharibu filta nzima isikae kwenye sauti uliyoipangia. Nilijaza daftari zima la Atu la hesabu, mwenyewe akaenda shule bila daftari.

Halafu nikafanya kosa la kufuata mkumbo. Kila mtu anasema utamu wa analogia ni kule kuyumba: transista zikipata joto au baridi, sauti inapanda au inashuka, kwa hiyo hakuna noti mbili zinazofanana. Nikatia myumbo kwenye osileta zangu zote. Mwezi mzima nasikiliza, na siyo sauti ya lile lidude. Ikalia kama kinanda kilichonyeshewa. Hapo ndipo nikakumbuka ibada za alfajiri, vidole vimekufa ganzi, na lidude lilikuwa ndicho kitu pekee mle kanisani kilichokuwa kwenye sauti! (Sisi wa sauti ya tatu, Mungu ametusamehe.) Kumbe osileta za vinanda kama Juno ziliongozwa na saa ya kidijitali. Haziyumbi. Nikafuta kazi ya mwezi mzima.

Unene wa sauti ile ulitoka kwenye kitufe kilichoandikwa korasi, kile ulichokuwa hukizimi hata siku moja. Sauti inachukuliwa nakala, inacheleweshwa milisekunde chache, na ucheleweshaji wenyewe unapanda na kushuka taratibu. Ya kushoto ikienda, ya kulia inarudi. Zamani walifanya hivyo kwa chipu yenye msururu wa kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, zinazopokezana chaji, kama watu waliojipanga foleni kupitishiana ndoo nyumba ikiungua. Na ndoo zinamwagika njiani, ndiyo ule mvumo wa “shhh” tuliokuwa tunausikia mchungaji akinyamaza kuomba. Nimeuweka na huo mvumo. Nilipouweka, nilisikia harufu ya nta ya sakafu ya kanisa, sikutanii.

Sasa deni.

Wiki tatu zilizopita nikawa nagawa sauti. Programu ina sauti sita, kila moja na osileta yake na filta yake. Ukibonyeza ufunguo, inapewa sauti inayofuata kwenye zamu: ya kwanza, ya pili, hadi ya sita, halafu inarudi ya kwanza. Vinanda vingi vya zamani viligawa hivyohivyo. Usiku umeme ukarudi, nikachomeka kibodi, nikapiga tenzi ile ya kuingilia. Noti zikaanza kudondoka. Pafu, hamna. Narudia palepale, ipo. Mbele kidogo, hamna tena, sehemu nyingine kabisa. Nikadhani vidole.

Kosa lilikuwa dogo la kijinga. Mwanzoni programu inatakiwa kusafisha kumbukumbu za filta zote sita. Mimi niliandika isafishe tano. Kumbukumbu ya sita ilibaki na takataka, na takataka hiyo kompyuta iliitafsiri kama kitu ambacho si namba kabisa. Kitu hicho ukikijumlisha na namba yoyote, jibu ni hichohicho, hakitoki. Filta inajilisha matokeo yake yenyewe, kwa hiyo sauti ya sita ikafa moja kwa moja, huku tano zinadunda.

Nikakaa pale na baridi, nikahesabu kwa vidole. Tenzi ni noti nne nne. Kodi ya kwanza, yaani noti nne zinazolia pamoja, inachukua sauti ya 1 hadi ya 4: kamili. Ya pili inachukua 5, 6, 1, 2: imekosa noti moja ya katikati. Ya tatu inachukua 3, 4, 5, 6: imekosa ya juu, yaani ndiyo yenye wimbo. Ya nne kamili tena. Mara ipo, mara haipo, na kila mara pengo liko kwingine.

Baba Neema, ndivyo ulivyokuwa unapiga mwaka 1999 kwenye mashindano ya kwaya kule Tukuyu.

Najua hupendi kulizungumzia. Lakini nakumbuka mwalimu wa kwaya alivyokuja kwenye kinanda, wewe umesimama pembeni unasema “noti hazitoki, mwalimu.” Akakizima. Akakiwasha. Akabonyeza kwa kidole kimoja mbele ya watu wote: do, re, mi, fa, so. Zote zikalia. Akakuangalia, akasema, “Kinanda kizima, mikono ndiyo mibovu.” Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, maana nilikuwa natamani kile kiti.

Tano, ndugu yangu. Alibonyeza tano! Kukizima na kukiwasha kulirudisha zamu kwenye sauti ya kwanza, na yeye akaishia so. Angegusa la, kingenyamaza mbele ya kanisa zima. Chombo kilikuwa na miaka mingi, kimesafiri kwenye lori na vumbi na unyevu wa Rungwe, kisehemu kimoja ndani kikafa. Haikuwa mikono yako.

Mimi nilipokalishwa badala yako noti zilidondoka vilevile. Ila nilikuwa mpigaji mbovu, hakuna aliyetegemea zaidi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Wewe uliacha kupiga. Mimi nikaendelea miaka miwili kwenye kiti kisicho changu, na sikuwahi kusema kwamba hata kwangu hazitoki. Nilijua, Baba Neema. Sababu ndiyo sikuijua, lakini kwamba hazitoki, nilijua. Nisamehe.

Kosa la programu nimeshalirekebisha, ni kubadilisha namba moja tu. Lakini nimeongeza swichi upande wa kulia, ukiigusa sauti ya sita inakufa kama zamani. Sijaipa jina bado.

Atu anafunga shule mwezi wa tisa. Panda basi la asubuhi uje, ukifika Uyole shuka, nitakupokea kituoni. Beba sweta, hilo la Iringa halitoshi huku. Viazi vipo, na kibodi ni nzuri, ina funguo 61. Nitaizima, nitaiwasha, nitabonyeza do, re, mi, fa, so. La utabonyeza wewe.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na Neema mwambie shangazi yake anamdai picha ya mahafali.

Ni mimi,
Baba Atu