Reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay imkumbuke na abiria

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie reli inayokusudiwa kujengwa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, bandari ya Ziwa Nyasa, pamoja na matawi yake ya Mchuchuma na Liganga. Inapotajwa, tunasikia zaidi makaa ya mawe na chuma vilivyoko huko. Sina ubishi, kwa kuwa mzigo ndio utakaoilipa reli, lakini msafiri anayevuka mpaka huku akiitazama nchi naye anastahili kufikiriwa.

Mfano tunao. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China kuanzia mwaka 1970 ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia Rhodesia (Zimbabwe ya leo), iliyokuwa chini ya utawala wa walowezi. Leo wapo wageni wanaosafiri kutoka mbali kwa ajili ya kuipanda tu. Treni hupita hifadhini, ambako abiria aliyeegemea dirisha huweza kuona twiga na tembo, kisha hushika bonde la Kilombero. Kutoka Mlimba hupandisha milima kuelekea Makambako kwa madaraja na mahandaki mengi, na kwenye kona kali aliye behewa la nyuma hukiona kichwa cha treni kikizama handakini. Sijui njia nyingine ya kusafiri inayomwonesha mtu nchi yake namna hiyo. Mpakani, baina ya Tunduma na Nakonde, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja na safari huendelea.

Sisi wa Kusini tuko mbali na hayo yote. Reli yetu ya enzi za mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza, iliyofika Nachingwea na Masasi, ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Anayetoka Mtwara kwenda Zambia kwa treni hupanda basi kupitia Tunduru na Songea hadi Makambako, na akishafika hapo, kipande kizuri kuliko vyote kimekwisha kumpita.

Kwa hiyo naiomba wizara inayohusika iweke mabehewa ya kulala tangu mwanzo, ipange ratiba ili mteremko wa kutoka milima ya Mbinga kwenda Ziwa Nyasa upitwe mchana, na ioanishe treni na meli ya kwenda Nkhata Bay, Malawi, huku ofisi ya uhamiaji ikiwa palepale bandarini. Mambo haya yaamuliwe sasa, kabla michoro ya stesheni haijapitishwa.

Msomaji wako,
Mtwara