Ngozi ya sato si tiba ya kila moto

Mhariri,

Habari za madaktari wa Fortaleza, Brazili, kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato zimewafanya wengi waamini kwamba kupandikiza ngozi kumepitwa na wakati. Sivyo. Ngozi hiyo, ikishasafishwa na kuuliwa vijidudu kwa mionzi (ya sokoni msithubutu!), ni bandeji nzuri: hushika jeraha na kumpunguzia mgonjwa mateso ya kubanduliwa bandeji mara kwa mara. Lakini haigeuki kuwa ngozi yake. Moto ukila ngozi hadi chini, bado mgonjwa atachunwa ngozi ya pajani ipandikizwe kwenye jeraha.

Jaribio lililonivutia zaidi ni la StrataGraft, ngozi ya maabara inayooteshwa kwa seli za binadamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021. Wagonjwa walikuwa 71, na kila mmoja alitibiwa jeraha moja kwa ngozi hiyo, jingine kwa ngozi yake mwenyewe. Baada ya miezi 3, asilimia 83 walikuwa wamefunga jeraha la ngozi ya maabara.

Sato tunao. Hospitali zetu za rufaa ziijaribu ngozi yao kwa mtindo huohuo, jeraha kwa jeraha.

Msomaji wako,
Mwanza