Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimu wa 2023-24 wa Sharks, timu ya hoki ya barafuni ya San Jose, Marekani

Ndugu wanachama wa klabu yetu ya mashabiki, habari zenu.

Sizunguki, msimu ulikuwa mbaya. Mechi 82, tumeshinda 19, tumefungwa 54, na 9 tumepoteza kwenye muda wa nyongeza au penati, hizo walau zinakupa pointi moja moja. Jumla pointi 47, tumeshika mkia NHL nzima, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada.

Mnakumbuka tulivyoanza, mechi 11 hatujashinda hata moja. Na ile wiki ya Novemba hapahapa San Jose, tarehe 2 Vancouver wakatupiga 10-1, tarehe 4 wakaja Pittsburgh, 10-2, na Erik Karlsson tuliyemwachia Agosti yuko upande wao. Usiku ule nilikaa nyuma ya mzee wetu mmoja ambaye kila mechi anaandika magoli kwenye daftari lake, nafasi ya magoli ya wageni ikajaa, akalizungusha daftari akaendelea kuandika pembeni, hakuinuka mpaka honi ya mwisho. Siku tatu baadae tukawafunga Philadelphia 2-1. Alikuwepo.

Sasa la makipa niliseme maana limeniuma sana. Kuna wenzetu walikuwa wanawazomea Blackwood na Kähkönen kila kile kisahani kinachochezewa badala ya mpira kikiingia wavuni. Jamani, wapinzani wawili wanateleza kuja peke yao, mabeki wote wameachwa huko nyuma, kipa afanyeje? Karlsson ni beki na msimu wa kabla alikuwa na pointi 101, magoli na pasi za magoli, ukishamtoa mtu wa hivo, alafu Machi ukamtoa na mshambuliaji Hertl akaenda Vegas, lazima golini kuwake moto. Uongozi wa timu umeamua kujenga upya na vijana na mi naunga mkono, ila gharama yake ndo ile waliyobeba makipa. Naomba kuzomea kuishe kwenye safu zetu.

Wakongwe mliokuwepo Cow Palace, uwanja wetu wa zamani, 1992-93 mnajua, mechi 71 tulifungwa msimu ule! Uliofuata tukahamia San Jose, tukaingia mtoano, tukawatoa Detroit. Siahidi chochote, ila waliokata tamaa mapema hawakuiona ile.

Mei 2024 tumeshinda ile droo ya timu itakayoanza kuchagua kati ya vijana wapya wa ligi, nafasi yetu ilikuwa asilimia 25.5 tu, na Juni 28 tukamchukua Macklin Celebrini. Utotoni alishavaa jezi ya Jr. Sharks, timu ya watoto na vijana ya hapahapa, kwa hiyo karudi nyumbani kidogo. Alichaguliwa akiwa na miaka 18, tumpe muda, asibebeshwe timu nzima mgongoni. Kocha pia aliwekwa mpya Juni 2024, Ryan Warsofsky.

Ya kwetu ni mafupi. Ada haipandi. Viti vyetu vya pamoja tunavibakiza palepale, nyuma ya goli, na anayetaka kukaa nasi mechi ya kwanza amwone mweka hazina mapema. Mzee wa daftari ameshalipia.

Mwenyekiti wenu