Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Kama mlivyoagiza katika mkutano mkuu uliopita, kamati ilishughulikia zaidi jambo moja: kuwafikishia huduma za akiba na mikopo wanachama wa Pate, Siyu, Faza na Kizingitini pasipo kuwalazimu kusafiri mpaka Amu, yaani mji wa Lamu. Anayekuja mjini hungoja boti na maji kujaa, hulipa nauli ya kwenda na kurudi, na siku yake ya kazi hupotea. Kwa mama mchoma maandazi, gharama hiyo huweza kula faida yote ya mkopo mdogo.

M-Pesa ilianza mwaka 2007, na mwaka 2010 Benki Kuu ya Kenya ikatoa mwongozo ulioruhusu mabenki kuhudumia wateja kupitia mawakala, hata mwenye duka kijijini akaweza kupokea amana na kutoa fedha. Lakini wakala asiye na fedha taslimu hamsaidii mtu, nazo huisha upesi siku ambazo wavuvi wamelipwa kwa simu na wote wanataka kutoa. Ndiyo maana tulichagua maduka machache yenye mzunguko mzuri badala ya kuandikisha mengi.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusiwaachie wanachama mikopo ya simu. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilikuja na mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Mvuvi aliyekopa mwanzoni mwa kusi, msimu wa upepo wa kusini, bahari ikiwa imechafuka, atalipa kwa kipi ndani ya mwezi mmoja? Tena wengi wetu tunajiepusha na riba, na kamati inaliheshimu hilo kwa dhati. Kwa hiyo tumeshikilia murabaha: chama hununua nyavu au mashine ya boti, kisha humuuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa wazi tangu mwanzo, naye hulipa kidogo wakati wa kusi na zaidi wakati wa kaskazi, bahari inapotulia. Simu hutumika kupitisha malipo tu. Uamuzi hufanywa na kikundi cha kijijini kinachomfahamu mwombaji na kazi yake.

Nasisitiza, kwa kuwa malalamiko yamenifikia: namba ya siri haipewi wakala, wala mtoto wa jirani anayesaidia kubonyeza.

Ndau na Kiwayu bado hatujafika. Kamati inaomba idhini yenu itenge sehemu ya ziada iliyopatikana mwaka huu kuwaongezea mtaji mawakala watakaochaguliwa huko. Mweka hazina atawasomea hesabu zilizokaguliwa kabla ya kura.