Mafundi wanaowajali majirani nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi gazetini niwasemee mafundi waliotengeneza nyumba iliyoshikana na yetu hapa Mkunazini. Kazi yao ya miezi saba imekwisha wiki iliyopita, na nimeona si haki waondoke na rikwama zao bila ya mtu kusema neno.

Asiyeishi Mji Mkongwe pengine haoni kwa nini jambo hili nalipa uzito. Nyumba zetu za mawe na chokaa zimeegemeana. Ukuta wako ndio wa jirani, na boriti zake zimeingia humo humo zilimoingia zako. Fundi akipiga nyundo kwake, vikombe vinagongana kabatini mwako na lipu inakuangukia kitandani. Na tangu sehemu ya Beit al Ajaib, jumba letu la kale hapa mjini, ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, nyundo za jirani zinatutia hofu zaidi kuliko zamani.

Miaka mitatu nyuma ilijengwa nyumba nyingine mtaani petu. Mkandarasi wake simtaji. Kifusi kilimwagwa kichochoroni, pembeni yake kokoto, na mbele ya kokoto ikasimamishwa mashine ya zege. Wiki ya pili akafariki mzee wetu mmoja wa nyumba ya ndani kabisa. Wanaume wakalitoa jeneza, wakafika penye kifusi, wakasimama. Halikupita. Ikabidi wageuke nalo, wapite tena mbele ya nyumba ya marehemu, wazunguke kwa kichochoro cha nyuma, na huko msikitini watu wameshapanga safu wanasubiri. Mjane alikuwa dirishani juu. Aliliona jeneza la mumewe likirejea mlangoni kwake. Mpaka leo sijaona faini inayoweza kulipa lile.

Safari hii fundi mkuu alibisha hodi nyumba baada ya nyumba kabla hajateremsha hata ndoo moja ya mchanga. Kwangu aliingia na tochi na kalamu ya risasi. Kila ufa wa ukuta tunaoshirikiana aliutia alama mwisho wake na tarehe pembeni, ili ukitokea mpya ujulikane. Akaniachia namba ya simu. Nilimpigia mara moja tu, ufa wa chumbani kwa mama ulipovuka alama yake. Alikuja saa ile ile, na nyundo zikanyamaza siku mbili mpaka waliposimamisha magogo ya kuegemeza dari upande wao.

Kifusi walikirowesha maji kwanza ndipo wakakitia magunia, vumbi lisipande. Adhana ikiadhiniwa walisita, na alasiri, watoto wanapokuwa chuo cha Qurani nyumba ya pili, walifanya kazi zisizo na kelele. Kabla ya Magharibi kijana mmoja alifagia kichochoro, kila siku. Nilipomsimulia fundi mkuu habari za lile jeneza alichukua kamba, akapima upana wa jeneza na mtu mmoja kila upande, akapiga mstari wa chokaa chini. Tangu siku ile hakuna gunia wala jiwe lililovuka mstari huo.

Mwenye nyumba ameniambia gharama iliyozidi ilikuwa maji, magunia na ujira wa yule kijana wa fagio. Kazi haikusimama hata siku moja kwa ugomvi, na wanaojenga mjini wanajua ugomvi wa majirani unavyokula pesa.

Uingereza wana mpango wa namna hii tangu 1997. Wakandarasi huandikisha maeneo yao ya ujenzi, hukaguliwa na kupewa alama kwa jinsi wanavyowatendea majirani, huweka bango lenye namba ya kupiga mwenye malalamiko, na waliofanya vizuri zaidi hutunukiwa kila mwaka. Natoa rai kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, pamoja na Baraza la Manispaa, tuwe na wetu. Kazi ikimalizika, sheha, kiongozi wa mtaa, apite nyumba tano za karibu awaulize wenyewe, na maneno yao yaandikwe. Mafundi waliosifiwa majina yao yabandikwe shehiani na yasomwe redioni, na zabuni za serikali zikitolewa sifa hiyo ihesabiwe. Ninaloling'ang'ania ni kuwa wenye kutoa sifa wawe majirani. Ofisa apitaye asubuhi moja huenda akaona kichochoro kilichofagiliwa kwa ajili yake.

Faini ziendelee, sizipingi, lakini faini huja jeneza limesharudi. Na hapa kwetu fundi hupata kazi kwa kutajwa mdomoni mwa watu, kwa hiyo kumtaja hadharani ni kumfungulia riziki yeye na vijana wake.

Jumatatu jirani yetu wa upande wa pili, aliyepata ruhusa ya kubadilisha boriti za ghorofa ya juu, alikuja barazani kuniuliza amchukue fundi gani. Nilimpa namba iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wangu.

Mkaazi wa Mkunazini,
Unguja